Mwenyeji wa Kwanza, Raia wa Mwisho: Uhakiki juu ya Namna Tunavyowasema Bambuti na Batwa

Katika vitabu vidogo vya mila sawa hiki, kuna sentensi moja inayorudiwa mara nyingi mpaka hakuna tena mutu anayeisikia: «Bambuti na Batwa ndio wenyeji wa kwanza wa inchi yetu.» Walimu wanaifundisha darasani. Watawala wanaisema kwenye sikukuu, mbele ya maikro, wakati wacheza ngoma wenyewe wanangoja kwenye jua. Hata sisi wa mashirika ya utamaduni tunapenda kuiweka kwenye ukurasa wa kwanza, juu inapendeza.

Hatuko na neno juu ya ukweli wa sentensi hiyo. Neno letu ni juu ya kazi inayofanya. Tukiiangalia vizuri, tunaona inatoa heshima ya jana ili mutu asiulize haki ya leo. Mutu akishaitwa mwenyeji wa kwanza, wanaosikiliza wanapiga makofi, na swali la shamba, la karatasi ya kuzaliwa, la kiti katika baraza, linabaki nje ya mulango. Wazee wetu walisema: mugeni njoo, mwenyeji apone. Katika habari hii wageni walikuja, mmoja mmoja, kundi kwa kundi. Mwenyeji hakupona.

Kwa hiyo tunataka kuhakiki, moja kwa moja, maneno, madaftari, sheria, vitabu na nyimbo ambamo Bambuti na Batwa wanasemwa, na kuuliza kila kimoja: unamuona huyu mutu kama raia, ao kama kitu cha kuangalia?

1. Jina ni la nani?

Tuanze na jina. «Pigme» ni neno la Kigiriki cha zamani. Lilikuwa kipimo: urefu wa mukono, kutoka kiwiko mpaka ngumi. Wale waliolitunga walikuwa wanasimulia hadisi za watu wafupi ambao hawakuwaona hata siku moja. Ni hivyo, karne nyingi kisha, watu wa pori letu wamepewa jina la kipimo cha mukono. Lakini wenyewe wako na majina yao. Katika Ituri wanaitwa Bambuti, na ndani ya Bambuti kuna Efe, Sua na Asua. Katika Kivu na Tanganyika wanaitwa Batwa. Hata kule Ekwateri kuna Batwa. Si kabila moja, si luga moja: Efe wanasema luga moja na majirani wao Walese, na Sua wanasema kibila.

Kisha kuna jina la matusi. Ni mama gani wa kwetu ambaye hajasikia mutu akimugombeza mutoto muchafu: «Unajifanya sawa Mutwa»? Na kuna neno lingine, dogo sana, ambalo ni zito kupita tusi. Ni neno «wangu». «Bambuti wangu wameleta nyama.» «Huyu ni Mutwa wa fulani.» Tusi linamugombeza mutu, lakini neno «wangu» linamufanya kuwa mali.

Tuseme kweli, desturi ya zamani haikuwa mukono mumoja. Mwenye pori alileta nyama, asali, majani ya kuezeka nyumba na dawa. Mwenye kijiji alitoa ndizi, chumvi, chuma cha mishale. Katika Ituri, vijana wa kijiji na vijana wa Bambuti waliingia pamoja katika tohara ya nkumbi, na wale waliotoka damu pamoja walibaki wamefungwa kwa undugu wa maisha. Mwenye kijiji akikosa haki, Mumbuti alijua njia: alikunja kambi yake na kuingia ndani ya pori, na bwana akabaki bila nyama. Pori lilikuwa nguvu yake, na nguvu hiyo ilimulazimisha yule mwingine kuwa na adabu. Deni lilikuwa pande mbili.

Sasa tunauliza: ni nini iliharibu mizani hiyo? Jibu letu ni hili. Leta ilipokuja na daftari yake, iliandika upande mumoja tu.

2. Daftari la wakoloni

Utawala wa kikoloni haukumujua mutu peke yake. Ulimujua kupitia chifu. Madekreti ya 1906, 1910 na 1933 yalipanga inchi katika sheferi: kuwe chifu mwenye medali, kuwe vijiji kando ya barabara, kuwe kodi, kuwe mashamba ya lazima. Mwenye kuandikwa na chifu wake akapata mahali kwenye karta. Mwenye kuishi kambini, leo hapa, miezi miwili kisha pale, akaandikwa chini ya chifu wa watu wengine, ao hakuandikwa hata kidogo. Ndivyo deni la pande mbili liligeuka utawala wa upande mumoja: mwenye kijiji akawa mwenye udongo mbele ya Leta, na yule wa pori akawa mutu wake.

Hatusemi kwamba majirani wao walikuwa raia wakati huo. Hapana. Hakuna Mukongomani aliyekuwa raia kamili chini ya Ubelgiji. Kwa wachache waliosoma, mukoloni alitengeneza karte ya sifa mwaka 1948 na «imatrikulasio» mwaka 1952: mutu alichunguzwa nyumba yake, meza yake, namna anavyokula, ili aonekane kama ameendelea. Kwa kipimo hicho, mutu wa pori alikuwa mbali kupita wote. Uraia ulipimwa kwa sahani na uma, na yeye alikula kwenye jani.

Na inje, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ota Benga, kijana aliyetolewa Kongo na Samuel Verner, alionyeshwa mbele ya watu katika maonyesho makubwa ya Saint Louis, kule Marekani, mwaka 1904. Mwaka 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na nyani. Mwaka 1916 alijiua kwa bunduki katika muji wa Lynchburg. Tunamutaja juu yeye ni mufano ulio wazi wa ile tunayosema: mutu anaweza kutazamwa na maelfu ya watu bila hata mumoja kumuuliza anataka nini.

3. Sheria za uraia: tarehe tatu, karatasi sifuri

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, swali lilikuwa: nani ni Mukongomani? Inchi yetu imegombana sana juu ya swali hilo, na damu imemwagika. Kila sheria ilichagua tarehe yake. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilitafuta babu aliyekuwa wa kabila lililokuwa katika inchi mbele ya 18 Oktoba 1908. Sheria ya 29 Juni 1981 ilirudi nyuma mpaka 1 Agosti 1885. Sheria ya 12 Novemba 2004 ilisogea mbele mpaka siku ya uhuru, na Katiba ya 18 Februari 2006, katika mutajo wa 10, inasema vilevile: Mukongomani wa asili ni kila mutu wa makabila ambayo watu wao na udongo wao vilikuwa ndio Kongo wakati wa uhuru.

Wasomaji watazame vizuri. Kamata tarehe yoyote: 1885, 1908, 1960. Mumbuti na Mutwa anapita kwa zote. Hakuna mwanasheria hata mumoja aliyewahi kusema kwamba hawa si Wakongomani. Katika mabishano makali ya uraia, wao hawakuwa washitakiwa. Hawakuwa hata mashahidi. Wengine waligombana juu ya nani alikuwa hapa tarehe gani, na wale waliokuwa hapa tarehe zote hawakuwa na karatasi moja ya kuonyesha.

Hapo ndipo kuna fundisho kubwa la habari hii, na tunaliona linasahauliwa mara nyingi. Kuna uraia wa mutajo wa sheria, na kuna uraia wa biro. Wa kwanza unaandikwa Kinshasa. Wa pili unaanza siku mutoto anapozaliwa. Sheria ya ulinzi wa mutoto ya 10 Januari 2009 inasema mutoto aandikwe kwenye eta-sivili ndani ya siku 90. Siku 90 zikipita, inaomba hukumu ya tribinali, na hukumu inaomba safari na makuta. Sasa fikiri mama aliyezaa kambini, mwendo wa siku mbili kutoka biro, asiyekuwa na feza, na ambaye akifika pale anaambiwa angoje inje juu ya harufu ya moshi. Mutoto wake ni Mukongomani kwa Katiba. Kwa biro, hajazaliwa.

Na pasipo karatasi ya kuzaliwa, mengine yanafuatana sawa siafu: shule inauliza, tribinali inauliza, mwenye kuandikisha shamba anauliza. Kwa miaka mingi karte ya uchaguzi ndiyo ilifanya kazi ya kitambulisho katika inchi hii. Hivi mutu aliyekosa siku za kuandikwa kwa uchaguzi hakupoteza kura tu. Alipoteza pia kile kinachomufanya aamuke salama mbele ya barriere ya askari.

Wengine watasema: «Lakini Bambuti wenyewe hawapendi kuandikwa, wanahama-hama.» Tunajibu: wafugaji wanahama, wachimba zahabu wanahama, wafanya biashara wanahama, na hakuna anayesema hawastahili karatasi. Kama biro haimufikie mutu, kosa si la miguu ya mutu.

4. «Citoyen» na wa mwisho wao

Katika miaka ya 1970, chini ya Mobutu, kila mutu aliitwa «citoyen». Bwana na Bibi vilikatazwa; rais alikuwa citoyen, mulinzi wa mulango alikuwa citoyen. Kwa Bambuti, Leta ilileta mupango wa kuwatoa porini na kuwaweka kando ya barabara, walime, walipe, waonekane. Neno lilikuwa zuri. Lakini uraia uliotolewa hivyo ulikuwa na sharti: acha kuwa wewe, ndipo utakuwa raia.

Wakati uleule, udongo uliondolewa chini ya miguu yao kwa njia ya sheria. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Leta. Kwa udongo ambao vijiji vinakaa kwa desturi, sheria iliahidi kwamba rais atatoa ordonansi ya kupanga haki zao. Ordonansi hiyo haikutoka. Mwenye kijiji, hata bila ordonansi, alikuwa na nyumba, mugomba, kaburi la babu: alama ambazo jicho la mutawala linaona. Mwenye kuishi kwa mitego na asali alikuwa na njia, mito na miti anayoijua kwa jina. Hakuna mutawala aliyehesabu njia ya asali kuwa shamba.

5. Sauti inapendwa, mwenye sauti hajulikani

Tuje sasa kwa vitabu na nyimbo, juu hapo ndipo shirika la utamaduni liko na kazi yake.

Mupadri Paul Schebesta alizunguka Ituri tangu 1929 na kuandika mengi. Kisha Colin Turnbull, Mwingereza, alikaa na Bambuti karibu na Epulu, na mwaka 1961 akatoa kitabu chake «The Forest People», kilichosomwa duniani kote. Tuseme uzuri wake kwanza. Turnbull aliwapenda. Alionyesha kwamba porini kuna sheria, kuna ucheshi, kuna dini, kuna mashauri ya usiku ambamo kila mutu anasema. Kwa wale waliodhani kwamba hawa ni watu bila akili, kitabu hicho kilikuwa jibu.

Lakini upendo nao uko na lawama yake. Katika kitabu hicho, pori ni baba na mama, na kijiji ni mahali pa mchezo na uongo, ambapo Mumbuti anaingia na kutoka akicheka. Leta haiko hapo kama deni. Musomaji anafunga kitabu akitamani watu hawa wabaki vile walivyo. Hafungi kitabu akiuliza nani atawapa hati ya udongo. Picha ya watoto wa pori, hata ikiwa nzuri, ni picha ya watoto, na mutoto hapigi kura.

Mufano wa nyimbo ni mukubwa zaidi. Mwaka 1977, Wamarekani walirusha vyombo viwili vya Voyager kwenda mbali kupita sayari za jua letu, na ndani yake waliweka sahani ya zahabu yenye sauti za dunia. Kati ya nyimbo zilizochaguliwa kwa dunia nzima, kuna wimbo wa wasichana wa Ituri, wa sherehe ya kuwa mwanamuke, uliokamatwa na Turnbull. Katika orodha ya nyimbo za sahani ile, liliandikwa jina la inchi: Zaïre. Hivi sauti ya wasichana wale inasafiri mpaka leo, na inabeba jina la Leta ambayo haikuwa imewaandika. Kwa majirani wetu wa Afrika ya Kati, nyimbo za Baaka zilitangazwa na UNESCO mwaka 2003 kuwa urizi wa wanadamu wote.

Sisi hatukatai heshima hiyo. Wimbo wa sauti nyingi, ambapo hakuna anayeongoza na kila mumoja anaingia mahali pake, ni kazi ya akili kubwa. Lakini kwa kiswahili chetu, «sauti» iko na maana mbili: ile ya kuimba, na ile inayohesabiwa siku ya uchaguzi. Dunia imependa ya kwanza na kuiweka kwenye zahabu. Ya pili imeachwa.

6. Wakati wa vita, walianza kujisemea

Watu wanasema mara nyingi kwamba haki za Bambuti na Batwa zililetwa na wazungu wa mashirika. Historia inasema kingine. Mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003, katika vita vya Ituri upande wa Mambasa, askari waliokuja na operasio waliyoiita «Effacer le tableau», ni kusema kufuta ubao, waliua na kubaka raia, na Bambuti walikuwa kati ya walioumia sana. Ushuhuda ulitoka wa watu walioliwa. Mwezi wa Mei 2003, Sinafasi Makelo, Mumbuti mwenyewe, alisimama kule New York mbele ya Jukwaa la Umoja wa Mataifa la watu wenyeji, akaeleza namna watu wake walivyowindwa sawa nyama za pori. Mara hii Mumbuti alisikilizwa na dunia bila kucheza ngoma.

Miaka miwili kisha, njia ilikuwa ya karatasi. Leta ilikuwa imetoa sheria ya pori tarehe 29 Agosti 2002, na Benki ya Dunia ilikuwa inasaidia kupanga pori na makampuni ya mbao. Mwaka 2005 mashirika ya wenyeji wa pori yaliandika mashitaka kwa kamati ya uchunguzi ya Benki hiyo. Kamati ilikuja, ikachunguza, na mwaka 2007 ripoti yake ikaonyesha kwamba katika kutayarisha mipango ile, watu wa pori hawakuhesabiwa vile sheria za Benki yenyewe zinavyoomba. Mwaka huohuo, tarehe 13 Septemba 2007, Umoja wa Mataifa ulikubali Tangazo la haki za watu wenyeji, na Kongo yetu ilipiga kura ya ndiyo.

Kuna wanaouliza: «Sisi wote ni wenyeji wa Afrika, kwa nini wao peke yao waitwe hivyo?» Ni swali la haki, na linastahili jibu. Tume ya Afrika ya haki za watu ilijibu katika ripoti yake ya 2003: neno hili, kwa Afrika, halisemi kwamba wengine ni wageni. Linasema juu ya watu ambao maisha yao yamefungwa na udongo wao kwa namna ya pekee, na ambao wamebaguliwa na kuwekwa pembeni na Leta na majirani. Neno halinyang'anyi Mushi, Munande ao Muluba uraia wake. Linaomba tu kwamba Mutwa naye apate wake.

7. Parke na deni lake

Kama mutu anataka kuona uraia wa biro na uraia wa mutajo vinagongana, aende kwa habari ya Kahuzi-Biega, kusini mwa Kivu. Mukoloni aliifanya hifadhi mwaka 1937. Mwaka 1970 ikawa parke ya taifa, juu ya kulinda masokwe, na mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka kilometa za mraba kama 6.000. UNESCO iliiandika katika urizi wa dunia mwaka 1980. Na Batwa waliokuwa wanaishi katika pori lile la mulima walifukuzwa katika miaka ya 1970, bila kuulizwa, bila kupewa udongo mwingine. Wakawa wakaaji wa pembeni mwa mashamba ya wengine, wakilima kwa mutu ili wale.

Mwezi wa Oktoba 2018, kisha miaka mingi ya mazungumzo yasiyozaa, vikundi vya Batwa vilirudi ndani. Kulikuwa na vita na walinzi, watu walikufa pande mbili, miti ilikatwa. Hatutaki kuficha sehemu hiyo: pori liliumia, na kati ya waliofaidika na makaa na mbao walikuwemo watu wenye feza ambao si Batwa. Lakini yule anayelia juu ya miti ya 2018 lazima alie pia juu ya nyumba za miaka ya 1970. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ulitangazwa: Leta ya Kongo ilivunja haki za Batwa kwa kuwafukuza, na inaombwa kuwarudishia udongo, kuwalipa na kuomba radhi mbele ya watu. Uamuzi huo uko kwenye karatasi. Vita vya Mashariki vimefanya njia ya kuutimiza kuwa ndefu zaidi, lakini deni halikufutwa.

Na katika Tanganyika, tangu 2013, Batwa na Baluba waliuana kule Manono, Nyunzu na Kabalo, vijiji vikachomwa. Wengi waliandika kwamba ni chuki ya kabila. Sisi tunasoma pia malalamiko yaliyokuwa ndani: kazi isiyolipwa vizuri, dharau, kukosa sauti mbele ya machifu. Mizani iliyovunjika zamani ilikuja kudaiwa kwa mishale. Hatusifu mishale. Tunasema tu kwamba mutu akinyimwa biro, atatafuta njia nyingine ya kusikilizwa.

8. Sheria ya 2022: tuisome na jicho wazi

Tarehe 15 Julai 2022 inchi yetu ilipata sheria namba 22/030 ya kulinda na kuendelesha haki za watu wenyeji Pigme. Ni matunda ya kazi ya miaka mingi, na wenyewe walikuwa mbele. Inakubali mila zao, inawafungulia mulango wa tribinali, shule na hospitali, na inakubali haki yao juu ya udongo na mali ya pori wanayoishi nayo. Tunaishangilia.

Lakini mhakiki hafungi macho siku ya sikukuu. Jambo la kwanza ni jina. Jirani yetu, Kongo-Brazzaville, alitoa sheria yake tarehe 25 Februari 2011, ya kwanza ya namna hii katika Afrika, na sheria hiyo inakataza neno «Pigme» na kulihesabu kuwa tusi. Sheria yetu, miaka kumi na moja kisha, imeliweka neno hilo kwenye kichwa chake. Tunajua sababu: mashirika mengi ya wenyewe wanalitumia, na neno moja linawakusanya Bambuti, Batwa na wengine. Hata hivyo, mutu anastahili siku moja kuitwa na sheria ya inchi yake kwa jina alilopewa na mama yake.

Jambo la pili ni machifu. Sheria ya 25 Agosti 2015 inapanga cheo cha machifu wa desturi. Mwenye kukosa sheferi wakati wa mukoloni hakuna mahali pa kuingilia hapo. Daftari la 1933 bado linatawala.

Jambo la tatu ni kiti. Katiba ya Burundi ya 2005 iliwawekea Batwa viti 3 katika Baraza la Taifa na viti 3 katika Senati. Si dawa ya yote, juu viti sita haviwezi kubeba umasikini wa watu wote. Lakini mutoto wa Kitwa wa kule anaweza kuonyesha kidole na kusema: huyu anatusemea. Katiba yetu ya 2006, katika mutajo wa 51, inaiagiza Leta kulinda vikundi vizaifu na makabila madogo, lakini haiwawekei hata kiti kimoja.

9. Kazi iliyo mikononi mwetu

Kwa Leta tumesema. Sasa tuseme kwa mashirika ya utamaduni, juu ni rahisi kuhakiki Kinshasa na kuacha uwanja wa ngoma.

Kwanza, tunapoalika wacheza ngoma wa Kimbuti ao Kitwa, tuwalipe sawa wengine, kwa feza, si kwa pombe na chumvi. Pili, tunapoandika programu ya sikukuu, tuandike majina yao. Mwimbaji wa kanisa anaandikwa jina na postnoma. Hawa wanaandikwa «kikundi cha Bapigme». Tatu, siku ya ngoma iwe pia siku ya maikro: baada ya kucheza, waseme wanalotaka mbele ya mutawala aliyekuja. Inne, tunapokusanya hadisi na dawa za miti kutoka kwao, tuseme wazi kwamba ni zao. Tano, viongozi wa desturi walio wanachama wetu watoe neno «wangu» katika vinywa vyao, na wasindikize wazazi mpaka eta-sivili ndani ya zile siku 90. Hakuna kazi ya utamaduni iliyo kubwa kupita jina la mutoto kwenye daftari.

Na ile sentensi tuliyoanza nayo? Hatuombi iondolewe kwenye vitabu. Tunaomba iendelezwe mpaka mwisho wake. Kila mutu atakayesema «Bambuti na Batwa ndio wenyeji wa kwanza» aongeze palepale: na shamba lao ni lile, karatasi zao ni hizi, na mujumbe wao ni fulani. Siku atakapoweza kuongeza hayo bila kudanganya, makofi yatakuwa ya haki.